Marubani wawili, kibali kimoja: mwongozo kamili wa kutosikia vibaya maagizo ya mnara

Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inakaribia kutua Nairobi. Mwongoza ndege aliipa kibali cha kushuka hadi futi 7,500, akitamka tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wakasikia futi 5,000. Wakarudia redioni futi 5,000, na huko mnarani hakuna aliyeshtuka. Uwanja wa Nairobi wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 kutoka usawa wa bahari. Ndege ile kubwa, ndani ya mawingu, ilikuwa inashuka kuelekea kimo kilicho chini ya ardhi. Ilipochomoza mawinguni wakaiona nchi iko mbele yao, wakaivuta ndege juu. Ilikuwa imebakiza kama futi 70. Hakuna aliyeumia.

Nimeanza na tukio hilo kwa sababu lilitokea kwetu, na kwa sababu linavunja dhana ambayo wanafunzi wengi wa urubani huja nayo. Hudhani hatari ni marubani wawili kutoelewana. Siku ile Nairobi walielewana vizuri tu. Kosa lilikuwa moja, na wote wawili walikuwa nalo. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya jambo moja: kukubaliana kwenu humo ndani si kibali. Kibali kiko kwa mwongoza ndege, na mkitaka kukijua mtamuuliza yeye.

Nitatumia maneno mawili kila mara. Mrushaji ni rubani anayeshika ndege kwa wakati huo. Mfuatiliaji ni mwenzake, anayeshika redio na kumkagua. Kapteni anaweza kuwa yeyote kati yao.

Hatua ya kwanza: ijue namba ambayo hamtaikubali

Kabla ya kuwasha injini, na tena kabla ya kuanza kushuka, mfuatiliaji aandike kwenye karatasi iliyoko gotini namba mbili: mwinuko wa uwanja mnaokwenda, na kimo cha chini kabisa kilicho salama kwa upande mnaoingilia. Zisomeni kwa sauti. Kisha semeni: "Chini ya hapa hatukubali kitu mpaka tumeuliza."

Inaonekana ni jambo la kitoto. Lakini sikio la mtu husikia kile linachotarajia. Rubani aliyezoea viwanja vya pwani, ambako futi 3,000 ni kimo cha kawaida cha kuanzia kutua, akienda Nairobi, Addis Ababa au Johannesburg anakwenda na masikio ya pwani. Namba iliyoandikwa gotini ndiyo itakayomwambia kwamba futi 5,000 Nairobi haiwezekani, hata kama ameisikia waziwazi.

Hatua ya pili: mpokee wote wawili

Kibali cha njia, cha kimo au cha kuingia njia ya kurukia kisipokelewe na mtu mmoja wakati mwenzake anaongea na abiria, anajaza fomu au yuko kwenye masafa ya redio ya ofisi. Ikiwezekana, ahirisha hayo mengine. Mwongoza ndege akiita katikati, inua kiganja. Ishara hiyo moja inatosha kumnyamazisha mwenzako, na yeyote aliyeketi nyuma yenu.

Tarehe 12 Novemba 1996, karibu na mji wa Charkhi Dadri, magharibi ya Delhi, ndege mbili ziligongana angani na watu wote 349 wakafa. Il-76 ya Kazakhstan ilikuwa imepewa kushuka hadi usawa wa 150, yaani futi 15,000. Boeing 747 ya Saudia ilikuwa inapanda kuja upande wake, ikiwa na kibali cha usawa wa 140. Kwenye Il-76 aliyekuwa anaongea na Delhi ni opereta wa redio. Hakuwa na vyombo vyake vya kuonyesha kimo, ilimbidi achungulie juu ya mabega ya marubani. Kibali kilijibiwa redioni, lakini ndege ikaendelea kushuka kupita usawa wake. Mwisho opereta yule ndiye aliyewaambia wasishuke, na muda ulikuwa umekwisha.

Ndege zetu za leo hazina opereta wa redio, lakini kila mara rubani mmoja anapokuwa peke yake kwenye masafa, huyo anakuwa opereta wa Il-76. Anajua kitu ambacho mwenye usukani hakijui. Hapo kinachookoa ni makabidhiano, na makabidhiano lazima yawe na namba.

Hili nalisema kwa uchungu, maana lilinikuta. Nilikuwa rubani msaidizi, bado kijana, tunashuka kuelekea uwanja mmoja wa pwani. Mwongoza ndege alikuwa ametuambia tutarajie futi 4,000, na kapteni akaiweka kabisa kwenye dirisha la kimo, kile kisanduku cha dashibodi kinachoonyesha kimo mlichokiweka, tayari. Kisha akahamia masafa ya kampuni kuulizia mafuta. Akiwa huko tukapewa futi 6,000, kwa sababu kuna ndege nyingine chini yetu. Nilirudisha, yaani nilimrudia mwongoza ndege alichosema, sawasawa: futi 6,000. Kapteni aliporudi akaniuliza, "Vipi, kijana?" Nikamjibu, "Ametupa kushuka, mzee." Basi. Akatazama dirisha la kimo, akaona 4,000, akaanza kushuka. Tulikuwa tumefika futi 5,700 mwongoza ndege alipouliza kama bado tuko 6,000. Nilikuwa nimesikia vizuri na nimerudisha vizuri. Kilichokosekana ni namba moja kati ya kiti changu na cha mwenzangu.

Kwa hiyo anayerudi kwenye masafa aseme, "Nimerudi." Anayekabidhi aseme tulipo, tunapokwenda na kilichobadilika: "Tumepita eight thousand, cleared six thousand, imebadilika." Aliyerudi arudie. Na namba ya kutarajia, ile ya "expect", isiwekwe kwenye dirisha la kimo hata siku moja. Mahali pake ni karatasini. Dirisha ni la kibali kilichotolewa tu.

Hatua ya tatu: rudisha kutoka masikioni, si kutoka machoni

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linataka mambo haya yarudishwe redioni kila mara: kibali cha njia, ruhusa au katazo lolote linalohusu njia ya kurukia, iwe kuingia, kuvuka, kusimama kabla yake, kutua au kuruka, njia ya kurukia inayotumika, kipimo cha altimita (chombo cha kupimia kimo), namba ya transponda (mtambo unaoitambulisha ndege kwenye rada), maagizo ya kimo, mwelekeo na mwendo. "Roger" maana yake ni nimesikia tu. Haisemi umesikia nini. Ukimjibu "Roger" mtu aliyekupa kimo, umemnyang'anya nafasi yake ya kukusahihisha.

Sasa kuna ujanja ambao haumo kwenye vitabu vingi, nao ndio ninaousisitiza kuliko wote katika hatua hii. Mara nyingi mrushaji husikia kibali, akazungusha kinobu cha kimo haraka, na mfuatiliaji akarudisha redioni akiwa anasoma ile namba dirishani. Kwa nje inaonekana watu wawili wamesikia. Ukweli ni kwamba amesikia mmoja, na wa pili amemsomea kwa sauti. Mfuatiliaji arudishe kutoka kwenye sikio lake au mwandiko wake mwenyewe, macho yakiwa mbali na dirisha. Hapo ndipo mnakuwa na masikio mawili kweli, na yakitofautiana mtajua.

Andika namba jinsi zinavyotamkwa, na uchunge maneno madogo. Tarehe 19 Februari 1989, Boeing 747 ya mizigo ya kampuni ya Flying Tiger ilikuwa inashuka kwenda Kuala Lumpur. Mwongoza ndege alikusudia futi 2,400, akasema "two four zero zero". Wao wakasikia "to four zero zero", yaani shuka hadi futi 400, wakarudisha "four zero zero", na kosa likapita. Ndege iligonga kilima na wanne wote waliokuwamo wakafa. Tofauti kati ya tarakimu "two" na kihusishi "to" haisikiki redioni hata kidogo. Tumia maneno "thousand" na "hundred" kwa vimo, na weka "altitude" au "flight level" mbele ya namba, ili "one four zero" ya kimo isigeuke kuwa "one four zero" ya mwelekeo.

Jambo jingine linatuhusu sisi hasa. Usajili wa ndege za Kenya huanza na 5Y, Tanzania 5H, Uganda 5X. Mwongoza ndege akishafupisha jina la redioni, hubaki herufi ya kwanza na mbili za mwisho. Kwa hiyo asubuhi yenye ndege nyingi ndogo, kila mtu angani anaitwa "Five" fulani. Msichukue kibali ambacho mwanzo wake mmekisikia nusu. Na usifupishe jina lako kabla mwongoza ndege hajalifupisha yeye.

Mkishamaliza kurudisha, sikilizeni. Kimya cha mwongoza ndege si ushahidi kwamba mmepatia. Nairobi alinyamaza, Kuala Lumpur alinyamaza. Namba ikiwashangaza, kimya kisiwatulize.

Hatua ya nne: kidole kisitoke

Hii ni ya mikono. Otopailoti ikirusha, mrushaji ndiye huweka kimo kipya. Ndege ikiwa mkononi, mfuatiliaji huweka. Aliyeweka haondoi kidole. Anakiacha kimeelekea kwenye namba, anaisoma kwa sauti kutoka kwenye skrini ya rubani, mahali ndege yenyewe inapoonyesha ilichokipokea: "Six thousand." Mwenzake anageuza kichwa, anaitazama kwa macho yake, ananyoosha kidole naye: "Six thousand, nimeiona." Hapo ndipo mkono wa kwanza unashuka.

Ukiitazama kwa karibu utaona siri yake. Kidole kilichobaki hewani kinamsumbua mwenye nacho. Mwenzako akijibu "ndiyo, sawa" huku anatafuta kalamu, mkono wako uko juu bado, na wote wawili mnaona kwamba kazi haijaisha. Ikikaribia futi elfu moja kabla ya kimo hicho, semeni tena: "One thousand to go." Anayesema atazame altimita, siyo mkanda wa kumbukumbu yake.

Hatua ya tano: namba za kibali zibaki kama zilivyoingia

Marubani wengi wa kwetu huongea Kiswahili wao kwa wao na Kiingereza redioni. Sioni ubaya, mtu huwaza haraka katika lugha yake, na rubani msaidizi hupinga kwa urahisi zaidi akiwa anaongea lugha ya nyumbani. Lakini namba msizitafsiri.

Chukua saa. Redioni tunatumia saa za UTC, nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kibali kinachokwisha "zero five one zero" kinakwisha saa mbili na dakika kumi asubuhi kwa hesabu ya mtaani. Ukimwambia mwenzako "kinaisha saa mbili na kumi", umempa mahesabu mawili ya kufanya kichwani, la masaa matatu na la masaa sita, wakati anapasha injini. Sema "zero five one zero" na mwonyeshe saa ya dashibodi.

Hatari zaidi ni uelekeo wa ndege nyingine. Mwongoza ndege akisema kuna ndege "two o'clock", anamaanisha mbele kidogo kulia, kama akrabu inavyokaa kwenye namba mbili. Kijana akitafsiri haraka, "Iko saa mbili, kapteni," kapteni wa Kiswahili anaiona saa mbili asubuhi: akrabu iko kwenye namba nane, nyuma kushoto. Wawili hao wanatazama pande zinazopingana za anga huku ndege inakuja. Sema "kulia mbele". Nyoosha mkono ukionyesha.

Hatua ya sita: mkianza kuulizana, ulizeni nje

Hapa ndipo penye moyo wa mwongozo huu.

Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya TWA ilielekezwa kutua uwanja wa Dulles, karibu na Washington. Ikiwa bado maili 44 kutoka uwanjani ilipewa kibali cha kuanza mkabala wa kutua, yaani kushuka kuuelekea uwanja. Kibali hakikutaja kimo. Marubani wakachukulia kwamba wameruhusiwa kushuka hadi futi 1,800. Ramani iliyokuwa mbele yao ilionyesha futi 3,400 kwa sehemu ile ya njia, na kapteni aliiona. Wakaijadili. Kapteni akahitimisha kwamba ukishapewa kibali cha mkabala, unaweza kushuka hadi kimo cha kuanzia mkabala. Wengine wakaridhika. Hakuna aliyebonyeza kitufe cha redio kumuuliza mwongoza ndege swali ambalo lingechukua sekunde tano. Waligonga mlima wa Mount Weather, na watu wote 92 wakafa.

Walikuwa na shaka, na shaka yao ilikuwa sahihi. Waliimalizia ndani.

Kwa hiyo wekeni sharti hili kwenye mazungumzo yenu ya kabla ya safari, na kapteni ndiye alitamke: swali lolote linaloanza na "alisema...?", "si ametupa...?" au "nadhani ni...", linakwenda redioni. Halijibiwi humu. Hata kama mwenzako ana uhakika. Maneno ni mafupi: "Say again level." "Confirm cleared altitude six thousand feet." Ukitaka muda, "Stand by." Msipoweza kutekeleza, "Unable." Wakati mnangoja jibu, bakini kwenye kimo cha mwisho ambacho nyote mna hakika nacho. Mkiwa ardhini, simamisheni ndege.

Najua kinachowazuia vijana. Kapteni ni mzee, pengine ndiye aliyekufundisha, na kumwambia amesikia vibaya ni kama kumvunjia heshima. Basi usimwambie amesikia vibaya. Sema ulichosikia wewe na unachofanya: "Kapteni, mimi nimesikia seven thousand. Namuuliza." Usiseme, "Kapteni, una uhakika?" Swali hilo lina jibu moja tu, na atakujibu ndiyo. Ukiuliza nje, heshima ya kila mtu inabaki mahali pake, maana anayeamua si wewe wala yeye.

Na makapteni wenzangu: jibu letu kwa kijana aliyeuliza liwe "vizuri", hata pale alipokuwa amekosea yeye. Ukimkaripia mara moja kwa swali la bure, swali la kweli halitakuja.

Hatua ya saba: kwenye njia ya kurukia

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ukungu umetanda. Boeing 747 ya KLM imegeuka mwanzoni mwa njia ya kurukia. Boeing 747 ya Pan Am bado inatembea juu ya njia hiyo hiyo. Kapteni Jacob van Zanten akaanza kusukuma injini, rubani msaidizi akamzuia: kibali bado. Kapteni akamwambia aombe. Kilichokuja kutoka mnarani kilikuwa kibali cha njia ya kufuata baada ya kuruka, na ndani yake limo neno "takeoff", yaani kuruka. Msaidizi alikuwa bado anarudisha kapteni alipoachia breki. Akamalizia kwa maneno yasiyoeleweka, "we are now at takeoff". Mnara ukawaambia wasubiri, lakini Pan Am iliongea wakati huo huo na mawimbi yakagongana. Injinia wa ndege, Willem Schreuder, akauliza kama Pan Am hajatoka. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Walikufa watu 583.

Schreuder aliuliza swali lililo sahihi. Alimuuliza aliyeketi mbele yake.

Baada ya hapo neno "takeoff" lilitengwa. Leo mnara hulitamka pale tu unapokupa ruhusa ya kuruka au kuifuta. Kwingine kote ni "departure". Nanyi fanyeni hivyo hivyo, hata mkiongea wenyewe.

Lakini maneno peke yake hayatoshi. Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani wa Japani iliambiwa kwamba ni ya kwanza na itembee hadi kituo cha kusubiri C5. Ikarudisha sawasawa. Kisha ikaingia njia ya kurukia na kusimama hapo kama sekunde 40, hadi Airbus A350 ya Japan Airlines ilipotua juu yake. Watano kati ya sita waliokuwamo walifariki. Wote 379 wa Airbus walitoka hai. Kuambiwa wewe ni wa kwanza ni habari ya foleni.

Kwa hiyo kabla gurudumu halijavuka mstari wa kusubiri, simameni kwa pumzi moja. Mfuatiliaji aseme kibali chenyewe, neno kwa neno, pamoja na namba ya njia: "Line up and wait, runway zero six." Mrushaji atazame bango la namba pembeni na arudie. Kila mmoja atazame upande wake kama kuna ndege inayokuja kutua. Mmoja wenu asipoweza kuyataja maneno yaliyowaruhusu kuingia, hamjaruhusiwa.

Pale ambapo hamuulizi

TCAS, mtambo wa kuzuia ndege kugongana, ukiagiza panda au shuka, fuateni mtambo, hata mwongoza ndege akisema kinyume. Julai 2002 juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege mbili ziligongana na watu 71 wakafa: moja ilifuata mtambo uliosema shuka, nyingine ikafuata mwongoza ndege aliyesema shuka wakati mtambo wake unasema panda. Mwongoza ndege mwambieni tu, "TCAS RA", yaani mtambo umetuagiza, mshughulike na ndege.

Mazoezi ya nyumbani

Hamhitaji simyuleta. Kaeni wawili kwenye meza, migongo ikielekeana. Mtu wa tatu asome vibali kwa kasi ya kawaida ya mnarani, redio ya nyumbani ikiwa inapiga kelele kando. Kila mmoja aandike chake. Msomaji achomeke makosa: kimo kilicho chini ya mwinuko wa uwanja, "two" na "to", jina la ndege inayofanana na yenu. Mara moja moja mfuatiliaji arudishe kitu kisicho sahihi na msomaji anyamaze makusudi. Kisha geukeni, linganisheni karatasi. Anzeni na mistari ambayo nyote wawili mmeandika namba moja na msomaji alisema nyingine.